Hanuka ya kujitengenezea nyumbani: mishumaa, pia, latke na maandazi ya jamu

Mie mtoto wa Tanga, nimeolewa Baltimore huku Marekani, mume wangu Myahudi, na Desemba ya kwanza kuwa huku mama mkwe alinipigia simu akaniambia Jumapili njoo tukaange, nikamuuliza tunakaanga nini mama, akasema kila kitu. Nilidhani ananitania. Nikafika nikakuta karai tatu jikoni, madirisha yote wazi na baridi ile ya kukata masikio, watoto wa mawifi wamejaa unga mpaka kwenye nyusi, na mama wa watu ananikabidhi upawa kama vile nimezaliwa mle ndani. Ndo siku nikaelewa kumbe Hanuka ni sikukuu ya mafuta, na mtu aliyekulia kwenye vitumbua na kaimati hawezi kuwa mgeni kwenye sikukuu ya mafuta hata kidogo.

Sasa naandika hapa kwa wenzangu mlioko huku nje, mlioolewa au mliooa kwa Wayahudi, mnaolea watoto wao, au mna jirani kawakaribisha na hamjui pa kuanzia. Na hata kama uko nyumbani na unataka tu kuwapa watoto kazi ya mikono likizo ya Desemba, karibu, vitu vingi humu havina gharama.

Kwanza habari yenyewe kwa kifupi, manake watoto watauliza. Mwaka 164 KK Wayahudi wakiongozwa na Yuda Makabayo walilirudisha hekalu la Yerusalemu kutoka kwa watu wa mfalme Antioko wa Nne, aliyekuwa amepiga marufuku dini yao, wakalisafisha wakalitabaruku upya. Talmudi, kile kitabu chao cha mafundisho ya kale, inasimulia kwamba walikuta kichupa kimoja tu cha mafuta safi ya kuwashia taa, ya siku moja, nayo yakawaka siku nane. Basi ndo mana siku ni nane na ndo mana vinakaangwa vitu. Wale wa Kanisa, mkifungua Yohana 10:22 mtaikuta, Sikukuu ya Kutabaruku, wakati wa baridi. Ni hiyohiyo.

Tarehe inahama kila mwaka kwa sababu kalenda yao inafuata mwezi kama yetu ya Idi, ila wao wanaongeza mwezi mzima baadhi ya miaka ili majira yasipotee, kwa hiyo haitoki mbali na Desemba. Mwaka 2026 inaanza jioni ya Ijumaa tarehe 4 Desemba, mwaka 2027 jioni ya tarehe 24. Siku yao inaanza jua likizama, kwahiyo ukiambiwa "tarehe fulani" uliza ni jioni ya tarehe ipi, mie nishawahi kutokea na sinia langu jioni ambayo sherehe imekwisha.

Hanukia, kinara cha matundu tisa

Watu wengi wanaita menora, sawa, lakini ile ya hekaluni ilikuwa na matawi saba na ya Hanuka ni tisa, wenyewe wa Kiebrania wanaiita hanukia. Nane ni za siku nane, ya tisa ni ya mshumaa wa kuwashia wenzake, unaitwa shamashi, yani mtumishi. Shamashi lazima akae tofauti na wengine, juu zaidi au pembeni, na wale nane wawe mstari mmoja na kimo kimoja, sio huyu juu huyu chini.

Ninayotengeneza mie na watoto ni ya kigae na nati. Unahitaji:

- kigae kirefu kimoja, kama sm 35 hadi 40, ukikosa kirefu panga viwili juu ya ubao
- nati 20 za bolti za chuma
- gundi ya epoksi
- rangi ya akriliki na brashi za watoto

Kabla ya yote nunua mishumaa kwanza. Boksi la Hanuka lina mishumaa 44, na hesabu yake tamu kufundishia mtoto, siku ya kwanza moja, ya pili mbili, mpaka nane, jumla 36, ongeza shamashi wa kila siku nane ndo 44. Chukua mshumaa mmoja uende nao mfukoni mpaka duka la vifaa vya ujenzi, uujaribishe kwenye nati palepale dukani, usione aibu. Mishumaa hiyo ni myembamba kama sentimita moja, nati ikiwa pana mshumaa unalala, ikiwa nyembamba mtoto atausukuma mpaka uvunjike.

Nyumbani futa kigae kwa siki kiishe mafuta, kikauke. Watoto wapake rangi pembezoni tu, sio chini ya nati, waandike majina yao, wabandike vishanga, chochote kisichoshika moto. Rangi ikikauka panga nati mbilimbili, moja juu ya nyingine, vituo nane, toka kituo hadi kituo acha sentimita tatu au zaidi, ukibana mishumaa inayeyushana yenyewe kwa yenyewe halafu unapata ziwa la nta mezani. Zinabaki nati nne, hizo zipande zote nne, huyo ndo shamashi wako, mweke katikati au mwishoni. Epoksi achanganye mtu mzima dirisha likiwa wazi, na iache usiku kucha.

Kwa nini nimekazania epoksi? Ya kwanza niligandisha kwa ile gundi ya moto ya bunduki, nikaona imekamata vizuri kabisa, siku ya tano mishumaa ilipofika chini nati zikapata joto, gundi ikalainika na shamashi akaanza kuteleza taratiiibu kuelekea kwa wenzake na moto kichwani. Tulicheka lakini haikuwa ya kucheka.

Kwa wadogo chini ya miaka mitano tengenezeni ya ukutani ya viganja. Paka kiganja cha kushoto rangi ya buluu, gonga karatasi, kisha cha kulia, dole gumba la huku lipande juu ya dole gumba la kule. Vidole nane vinasimama ndo mishumaa, magumba yaliyopandana ndo shamashi. Kila jioni mtoto anachovya kidole kwenye rangi ya njano anaweka mwali juu ya kidole kimoja. Andika mwaka pembeni, ihifadhi. Mie ninazo za miaka sita na mama mkwe kila akija anazitoa zote anapima mikono ilivyokua.

Ya karatasi au maboksi ya kadi isiwashwe mishumaa ya kweli kamwe, hata kwa kusema "nasimama hapahapa".

Mishumaa ya nta ya nyuki, kwa anayetaka

Hii sio lazima, boksi la dukani bei ndogo, ila ni kazi ambayo mtoto wa miaka minne anaiweza bila moto wowote. Unaagiza shiti za nta ya nyuki zenye vijumba kama sega, na tambi za pamba. Shiti tatu za sm 20 kwa 40 zinatosha mishumaa yote na ziada za kuharibu. Kata vipande vya urefu wa sm 10 na upana kama sm 4. Laza utambi ukingoni ubaki nje kidogo kwa juu, kunja ukingo wa nta juu ya utambi ubane vizuri, halafu viringisha kama unavyoviringisha mkeka, usilegeze. Chumba kikiwa baridi nta inapasuka, ipitishie kwanza hewa ya drai ya nywele. Jaribisha wa kwanza kwenye tundu lako, ukiwa mnene punguza upana wa vipande vinavyofuata. Na huo wa kwanza uwashe upime kwa saa, manake mshumaa unatakiwa uwake angalau nusu saa baada ya giza kuingia.

Wengine hawatumii mishumaa kabisa, wanaweka vikombe vidogo vya glasi vyenye mafuta ya zeituni na utambi wa pamba uliosokotwa, tuseme koroboi ya kistaarabu isiyotoa moshi. Inapendeza mno na ndo inakaribia ile ya hekaluni, ila mimina mwenyewe, mtoto asishike.

Kuwasha, hapa ndo watu wanachanganya

Siku ya kwanza unaweka mshumaa mmoja mwisho kabisa wa kulia kwako, siku ya pili unaongeza kushotoni kwake, hivyohivyo mpaka inajaa. Kupanga ni toka kulia, ila kuwasha unaanza na yule mpya wa kushoto unaelekea kulia. Unawasha shamashi kwanza, wanasoma baraka, tatu usiku wa kwanza na mbili siku zilizobaki, kisha kwa shamashi unawasha wengine. Kinawekwa dirishani au karibu na mlango watu wa nje waone. Kwahiyo pazia ondoa, usifunge fundo, ondoa.

Ijumaa mishumaa ya Hanuka inawashwa kabla ya ile ya Sabato, yani jua bado halijazama, kwahiyo inabidi iwe mirefu au mafuta mengi zaidi ili ifike hiyo nusu saa ya giza. 2026 usiku wa kwanza wenyewe ni Ijumaa, jipangeni mapema mchana.

Na kuna desturi naipenda kuliko zote, wanawake hawafanyi kazi mishumaa inapowaka. Mama mkwe akishawashiwa anakaa kitini anakunja mikono, mume na watoto wanahangaika na vyombo, ukimwambia mama hebu nisaidie chumvi anakuonyesha mshumaa kwa kidevu. Nusu saa nzima. Naishika kwa imani yote japo mie sio Myahudi.

Dreideli, yani pia

Watoto wa pwani pia wanaijua, ya kuzungusha kwa kamba. Ya kwao ina pande nne na inazungushwa kwa vidole viwili, kila upande una herufi ya Kiebrania:

נ nuni, ג gimeli, ה hei, ש shini

Ni herufi za mwanzo za maneno yanayosema muujiza mkubwa ulitokea kule. Israeli wenyewe badala ya shini wanaweka פ pe, kwa sababu kwao muujiza ulitokea hapa, sio kule. Ukinunua au kuchora angalia unamchorea nani.

Rahisi kuliko zote: chukua kadi ngumu ya boksi la nafaka, kata mraba wa sm 5 kwa 5, chora mistari miwili ya kona kwa kona upate pembetatu nne, andika herufi moja kila pembetatu. Pale mistari inapokutana toboa, pitisha penseli fupi yenye ncha chini, sentimita mbili tu za ncha zibaki chini ya kadi, ongeza tone la gundi. Ikiyumba tatizo ni tundu halikuwa katikati au penseli ndefu mno. Inapoanguka, upande unaogusa meza ndo jibu lako, mkubaliane kabla ya kuanza la sivyo kuna vita.

Ya udongo: chukua udongo wa kukauka kwa hewa, donge la ukubwa wa ndimu, gonga mezani pande nne mpaka liwe boksi, chini lichonge liwe ncha, juu chomeka kijiti. Siku mbili ikauke ukiigeuza. Usipake rangi nzito upande mmoja, inaelemea.

Mchezo: kila mtu anapewa vitu kumi hadi kumi na tano, sarafu za chokoleti, karanga, zabibu kavu, hata maharage. Kila mmoja anaweka kimoja katikati. Unazungusha kwa zamu. Nuni hupati kitu. Gimeli unazoa zote. Hei unachukua nusu, na ikiwa witiri unapewa ile ya ziada. Shini unatoa moja unaweka. Katikati pakiisha kila mtu anaweka moja tena. Aliyefilisika katoka. Kwa wanaojua Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, herufi hizohizo zinakumbusha sheria zenyewe, nisht ni hamna, gants yote, halb nusu, shtel weka, manake mchezo wenyewe asili yake ni kamari ya pia iliyokuwa ikichezwa Ulaya, maana ya muujiza ikapachikwa baadaye. Mama mkwe hapendi nikisema hili mbele ya watoto.

Vidogovidogo vya haraka

Nyota ya pembe sita: vijiti sita vya aiskrimu, gandisha vitatu pembetatu, vitatu pembetatu nyingine, pandisha moja juu ya nyingine kichwa chini, rangi ya buluu au fedha, kamba, tundika. Dakika kumi.

Chupa ya mafuta: chupa safi ya plastiki, maji nusu yenye matone ya rangi ya chakula ya buluu, mafuta ya kupikia robo, funga kifuniko kwa gundi. Mtoto anatikisa anaona mafuta yanarudi juu kila mara na rangi inabaki kwenye maji tu. Inawanyamazisha kwa muda mrefu wa kutosha wewe kukwangua viazi, na hilo ndo lengo lake hasa.

Gelti, sarafu za chokoleti: yeyusha gramu 200 za chokoleti nyeusi kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole, bakuli lisiguse maji na tone la maji lisiingie, likiingia chokoleti inakuwa mabonge. Dondosha kijiko cha chai kimojakimoja juu ya karatasi ya kuokea, tandaza upana wa sm 4, nyunyiza chembe za chumvi au lozi zilizopondwa, friji dakika ishirini. Funga kwenye foili. Nimesema nyeusi makusudi, isome pakiti ihakikishe haina maziwa, sababu naeleza hapo chini.

Kabla hujawasha jiko

Mafuta tumia ya alizeti, kanola au karanga. Zeituni ndo ya historia lakini bei utalia. Karai lisizidi nusu kwa mafuta. Kama una kipimajoto, maandazi ya jamu yanataka digrii 170 hadi 175 (zote humu ni za Selsiasi), kama huna chovya mpini wa mwiko mkavu wa mti, vikitoka vipovu vidogo vya kutulia mafuta tayari, vikiruka kwa fujo yamezidi, zima kidogo. Yakishika moto funika kwa mfuniko na zima jiko, maji usimwage asilani. Fungua dirisha mapema, nyumba za huku king'ora cha moshi hakina subira, kinalia kwa kitunguu tu. Na makoti ya wageni yapeleke chumbani ufunge mlango, la sivyo watanuka latke, yani vile viazi vya kukwangua na kukaanga, mpaka Machi.

Halafu kosheri, yani sheria zao za chakula. Nyumba nyingi hazichanganyi nyama na maziwa katika mlo mmoja. Kwahiyo kama chakula cha jioni ni nyama, basi latke hazitawekewa krimu chachu, wanatumia rojo la tofaa, na kitindamlo hakina siagi wala maziwa. Ndo mana chokoleti nyeusi. Na kama wenyeji wako wanashika sana, usipike kwako ukapeleka, hata uwe msafi vipi, jiko lako sio kosheri na utawatia kwenye aibu ya kukataa, peleka kitu kilichofungwa chenye alama ya kosheri kama ile U ndani ya duara, au nenda ukapike kwao kwa vyombo vyao. Uliza tu, hawakasiriki.

Latke

Kwa watu wanne hadi sita:

- viazi mviringo gramu 900 hivi, vile vyenye wanga mwingi vya kuokwa
- kitunguu kikubwa kimoja
- mayai mawili
- unga wa ngano vijiko vya chakula vitatu (wenyewe wanapenda unga wa matza, ule mkate wao usiotiwa hamira)
- chumvi kijiko cha chai kimoja na kidogo, pilipili manga
- mafuta

Menya, kwangua kwa matundu makubwa ya grata, kiazi kidogo kitunguu kidogo kwa kupokezana, kitunguu kinasaidia viazi visiwe vyeusi haraka. Weka vyote kwenye kitambaa safi cha jikoni, kusanya ncha, kamua. Kamua tena. Ukidhani umemaliza kamua mara ya tatu. Mie nilileta kifumbu changu cha tui toka Tanga, nikakijaza viazi nikakamua mbele ya ukoo mzima wa mume, maji yakatoka kama bomba limepasuka, na tangu siku hiyo kifumbu kinaalikwa kila mwaka, nadhani kuliko mimi.

Yale maji usimwage! Kamulia kwenye bakuli, liache dakika kumi, mwaga maji taratibu, chini utakuta wanga mweupe mzito umegandana. Rudisha kwenye viazi, ndo unaoshikanisha na kuleta ukavu wa nje. Ongeza mayai, unga, chumvi, pilipili, changanya kwa mkono, usikae nayo, viazi vinaanza tena kutoa maji na vikitoa kamua kidogokidogo unapoendelea.

Flampeni nzito, mafuta kina cha nusu sentimita, moto wa wastani kwenda juu. Chota kijiko kikubwa, weka, bonyeza kidogo iwe bapa, kingo ziwe na vijinywele vya viazi hivyo ndo vitamu. Dakika tatu hadi nne kila upande, geuza mara moja tu. Usijaze flampeni, nne kwa wakati zinatosha, ukijaza mafuta yanapoa na latke zinayanywa. Zitoe kwenye waya sio kwenye sahani, zikikaa juu ya karatasi chini zinalowa. Oveni ya digrii 100 inazitunza moto mpaka umalize. Hazifanani na bhajia za viazi za kwetu, hakuna unga wa dengu wala bizari, ukiweka bizari umepika kitu kizuri lakini sio latke. Nishajaribu.

Rojo la tofaa: tofaa sita zimenywe zikatwe, nusu kikombe cha maji, kijiti cha mdalasini, ndimu kidogo, funika moto mdogo dakika ishirini, ponda. Sukari onja kwanza. Hii watoto wanafanya wenyewe ukiondoa kukata.

Na kabla hujadhani viazi ni vya tangu enzi za Makabayo, viazi vilitoka Amerika, zamani kule Ulaya latke zilikuwa za jibini.

Sufganiyoti, maandazi ya jamu

Kule Israeli haya ndo mfalme wa Hanuka, wiki zile maduka ya mikate yanajaa haya.

- unga gramu 500
- hamira ya chengachenga pakiti moja, gramu 7
- sukari gramu 60
- mayai mawili
- maziwa ya vuguvugu mililita 180
- siagi laini gramu 60
- chumvi nusu kijiko cha chai
- ganda la chungwa lililokwanguliwa
- jamu ya stroberi, sukari ya unga ya kunyunyizia

Changanya vikavu, weka vya maji, kanda dakika nane hadi kumi, siagi iingie mwishoni kidogokidogo. Donge liwe laini linalonatanata kidogo, usikimbilie kuongeza unga kama wa chapati, ndo kosa langu la mwaka wa kwanza, yakatoka mawe. Funika liumuke saa moja na nusu. Jiko likiwa la baridi kama yetu huku, weka ndani ya oveni iliyozimwa, taa yake tu ndo iwake. Sukuma unene wa sm 1.5, kata kwa mdomo wa glasi, usiizungushe glasi, bonyeza na uinue. Panga kila moja juu ya kipande chake cha karatasi ya kuokea, yaumuke tena dakika thelathini hadi arobaini, na unapokaanga unatumbukiza na karatasi yake halafu unaitoa kwa koleo, hivyo andazi haliminyiki kwa vidole. Dakika mbili kila upande. Yakifanikiwa yanakuwa na mkanda mweupe kiunoni.

Yapoe kidogo. Toboa ubavuni kwa kisu chembamba, jaza jamu kwenye mfuko wa plastiki mnene, kata kona, sindilia mpaka uone andazi linavimba. Hapo watoto ndo wanapopapenda, na ndo jamu inapofika kwenye dari.

Sasa siri yangu. Kama mlo ni wa nyama, maziwa na siagi havifai, wengi wanaweka majarini na maji, yanakuwa hivihivi tu. Mie naweka tui zito la nazi mililita 180 badala ya maziwa, mafuta vijiko vya chakula vitatu badala ya siagi, na iliki ya kutwanga nusu kijiko. Nazi sio maziwa kwa sheria zao, inapita popote, ila ya kopo angalia maandishi, nyingine zimetiwa vitu vya maziwa. Yani andazi la Tanga lilishakuwa tayari kwa meza ya kosheri kabla mie sijapata pasi ya kusafiria. Shemeji yangu anayeshika dini kuliko wote alikula sita.

Kaimati zao

Wayahudi ambao mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492 wana kitu kinaitwa bimuelo, na siku nilipoonyeshwa nilicheka, ni kaimati. Unga vikombe viwili, hamira pakiti moja, sukari kijiko cha chai, chumvi kidogo, maji ya vuguvugu kikombe kimoja na nusu, piga kwa mkono mpaka uvutike, funika saa moja. Dondosha kwenye mafuta kwa vidole au kijiko kilicholowa, zungusha mpaka ziwe rangi ya dhahabu. Tofauti yake na yetu ni shira, wao wanatumia asali kikombe kimoja na robo kikombe ya maji na ndimu, ichemke kidogo tu, mimina juu, nyunyiza mdalasini. Kwa wageni wasiojua viazi wala jamu anzeni na hii, haimshindi mtu wa pwani.

Wa Moroko wana sfenji, donge hilohilo lakini zito kidogo, wanalitoboa katikati kwa vidole vilivyolowa. Na ukisikia mtu anasema Wayahudi ni wa Ulaya tu mwambie avuke Busia aende karibu na Mbale, Uganda, akawaone Abayudaya, wako pale tangu Semei Kakungulu, kiongozi wa huko, alipoanza kuifuata dini hiyo mwaka 1919.

Kesho yake

Nta iliyoganda kwenye hanukia usiikwangue kwa kisu, iweke kwenye friza saa moja, inabanduka yenyewe, ile ya kwenye nati imwagie maji ya moto juu ya gazeti, sio kwenye sinki, ikiganda kwenye bomba utamwita fundi. Mafuta yakipoa kabisa chuja kwa kitambaa, ya maandazi unaweza kurudia mara moja mbili, ya latke yatupe, yamimine kwenye chupa uifunge, nayo usimwage sinki. Latke zilizobaki oveni digrii 200 dakika kumi juu ya waya, zinarudi kama zilivyokuwa, kwenye maikrowevu zinakuwa ndala. Kifumbu osha kwa maji baridi kwanza, ya moto yanapika wanga kwenye ukindu na hautoki tena.